Mtembeza Wageni wa Mkunazini

Mwaitu, yaani mama yangu, alikuwa akisuka kyondo kwenye kivuli cha mwembe nyumbani kwetu Kambu. Nyuzi za mkonge alizisokota kwa kiganja juu ya paja, akaanza na kitako, akazunguka, akazunguka tena, siku nenda siku rudi. Mchana mmoja nilimwona akifumua mizunguko kadhaa aliyokwisha kuisuka. Kosa lilikuwa wapi, sikuliona. Yeye aliliona. Alifumua bila kusema neno, akaanza upya, na jioni ile kyondo kilikuwa kifupi kuliko kilivyokuwa asubuhi.

Nilimkumbuka nikiwa Unguja, nimesimama nyuma ya mama mwingine aliyekuwa akifanya kazi kama ile kwa maneno.

Kambu ni mji wa barabarani. Magari ya Mombasa yanapita usiku na mchana kati ya Kibwezi na Mtito Andei, abiria wananyoosha miguu, wananunua maembe wakati wa maembe, wanaondoka. Sisi tumezoea kuwatazama wageni wakipita. Kuwa wageni hatujakuzoea, na wengi wetu tukisafiri huwa ni kwa msiba, shule, hospitali au kazi. Kwenda mahali kwa ajili ya kupaona tu, tena ukamlipe mtu akuzungushe, ni jambo ambalo pale stendi ungelieleza mara mbili kabla ya kueleweka. Hata hivyo nilikwenda. Basi hadi Mombasa, kivuko cha Likoni, mpaka wa Lunga Lunga, Tanga, Dar es Salaam, kisha boti. Nilitaka kuliona kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa.

Pale bandarini wapo vijana wanaowang'ang'ania wageni. Waunguja huwaita papasi, na papasi ni aina ya kupe. Niliyemfuata mimi hakuwa wa aina hiyo. Alikuwa amekaa barazani nje ya ua wa kanisa, mtandio wa buluu, kitambulisho cha kazi kimening'inia shingoni, chupa ya maji pembeni. Wenzake walimwita Mwalimu, nasi tukamwita hivyo hivyo. Siku hiyo tulikuwa watu saba: mimi, mwalimu wa sekondari kutoka Mwanza na wanafunzi wake wawili, mume na mke kutoka Mbeya, na kijana wa Kampala aliyejua Kiswahili cha kusikia zaidi ya cha kusema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Kenya. Kambu."

"Kambu ndiyo wapi?"

"Makueni, kwa Wakamba, njia ya Mombasa."

"Ahaa, Wakamba." Alifikiri kidogo. "Basi wazee wako walishuka pwani na pembe za ndovu kabla reli haijajengwa. Tutakutana nao mbele."

Akamgeukia wa Mwanza, akamuuliza vilevile, akamtajia misafara iliyokuwa ikitoka bara kupitia Tabora. Akaenda hivyo hadi kwa wa mwisho. Nilidhani ni adabu ya kusalimiana. Ilinichukua nusu saa kutambua kwamba pale alikuwa anasokota nyuzi. Kila mmoja wetu alipewa uzi wake mkononi, na kwa saa tatu zilizofuata Mwalimu alijua ni uzi wa nani anauvuta na wakati gani.

Hakuanzia kanisani. Alitupeleka kwanza kwenye shimo la sanamu lililo uani, kazi ya msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Ni watu watano wa saruji waliosimama ndani ya shimo, chini ya usawa wa miguu ya anayewatazama, na shingoni wamefungwa mnyororo wa chuma ambao ni mnyororo halisi wa zama zile. Mwalimu alitupanga upande mmoja, jua likiwa mgongoni petu, tuwaone nyuso. Akasema jina la msanii na mwaka. Kisha akanyamaza.

Alinyamaza muda mrefu. Nimewahi kuongozwa na watu katika majumba mawili matatu ya makumbusho, na wote waliogopa kimya kama mtangazaji wa redio anavyokiogopa. Mama huyu alikiachia kimya nafasi mpaka mmoja wa wale wanafunzi, msichana, akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona yule anatazama chini?" Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kusema, naye alianza kwa kulijibu swali lile, maana lilikuwa limekwisha kuulizwa na mwenye haki ya kuuliza.

Historia yenyewe aliitoa kwa uchache. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, na soko likafungwa. Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Kati ya kufungwa kwa soko na kuwekwa kwa jiwe ilipita miezi sita tu. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyefanywa askofu mwaka uliofuata. Ibada ya kwanza ilisaliwa Krismasi ya 1877 na kazi ikiwa bado inaendelea. Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Baada ya hapo tukashuka kwenye vyumba vya chini ya jengo la Mtakatifu Monika. Huko dari ni ya chini kiasi kwamba mtu mzima huinama, na mwanga unaingia kwenye vitundu vyembamba. Ndipo mahali ambapo mtembeza wageni mwenye tamaa anaweza kumliza mtu yeyote. Mwalimu alituambia yale yanayosimuliwa na wengi, kwamba watumwa walifungiwa humu kabla ya kupelekwa mnadani. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitegemea. Alisema wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba jengo hili lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, na kwamba vyumba hivi havikuwa gereza la watumwa. "Nakwambieni yote mawili," alisema. "Watu waliuzwa hapa Mkunazini, hilo halina mabishano. Chumba hiki ndicho chenye mabishano."

Fikiria anachokihatarisha kwa kusema hivyo. Wageni wengi wanakuja kwa ajili ya vyumba vile, na simulizi isiyo na mashaka ndiyo inayoleta bahashishi. Kwangu mimi pale palikuwa kilele cha kazi yake yote. Alikuwa amefumua mzunguko ambao sisi tusingeona kosa lake, akaufumua mbele yetu, na bado kilio cha mahali pale hakikupungua hata kidogo.

Kanisani alituomba tuingie mmoja mmoja, tukae, tutazame juu. Paa la Mkunazini ni tao moja refu la mviringo, kama mtumbwi uliogeuzwa, limejengwa kwa vipande vya mawe ya matumbawe vilivyochanganywa na saruji. Wakati ule watu wa mji walisema litaanguka, maana nyumba za Unguja ziliezekwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba: mkoko umesema mwisho wake. Steere alitaka ukumbi mpana, akaacha boriti, akamimina matumbawe. Paa halijaanguka hadi leo. Mwalimu alituacha tulitazame kwanza ndipo akaeleza, ili macho yajiulize yenyewe nguzo za kulishikilia ziko wapi.

Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru sakafuni, linaloonyesha mahali palipokuwa na mti ambao watu walifungiwa na kuchapwa viboko. Hapo hakunyoosha kidole. Alilizunguka, na sisi nyuma yake tukalizunguka, hakuna aliyeambiwa asikanyage.

Msalaba wa mbao ndio ulionisimamisha mimi. Ulichongwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mti ambao moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake alipofariki Mei 1873. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi, na Jacob Wainwright ndiye aliyechonga maandishi kwenye gome la ule mti kabla hawajaondoka. Vitabu vyetu vya shule vilimtaja Livingstone mara nyingi. Wainwright sikumbuki kumsoma. Mwalimu alipotaja kwamba aliyeandika kwenye mti alikuwa Mwafrika aliyekuwa mtumwa akakombolewa, akanitazama: "Wewe Mkamba, mambo ya kuchonga mti unayajua."

Uzi wangu wa kwanza ulikuwa umevutwa. Sikumwambia kwamba uchongaji wa vinyago uliotutangaza Wakamba duniani, ule wa Wamunyu, unasimuliwa kuwa uliletwa na Mutisya Munge aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kama ningemwambia, nadhani angeuweka akiba kwa ajili ya Mkamba atakayefuata.

Kilichobaki kanisani ni nguzo fupi za upande wa magharibi. Alizihifadhi ziwe za mwisho kwa makusudi; nilimuuliza baadaye akakubali. Nguzo hizo zimesimamishwa kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kwamba Steere alikuwa safarini, na mafundi, ambao hawakuwahi kuona nguzo za namna ile, wakaziweka walivyoona inafaa, aliporudi akaziacha. Wanafunzi walicheka mpaka wakaziba midomo, na yule msichana aliyeuliza kuhusu sanamu alicheka kuliko wote. Ndiyo iliyokuwa kazi ya nguzo zile katika mpango wa Mwalimu. Mtu aliyetoka shimoni na vyumbani lazima apewe mahali pa kupumua kabla hajatoka barabarani. Mimi nilizitazama kwa muda zaidi. Majina ya mafundi wale hayapo ukutani, ila uamuzi wao upo, na unasomeka kuliko vibao vingi vya shaba vilivyowekwa kwa heshima ya wakubwa.

Kuna jambo jingine kuhusu Steere ambalo Mwalimu alilisema akiwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Alisema huyu askofu, kabla ya kujenga kanisa, alikaa na watu wa Unguja akawasikiliza. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kingine cha hadithi alizosimuliwa hapa hapa mjini. Mwaka 1928 wakakutana wakubwa Mombasa wakakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. "Kwa hiyo," akatuambia, "Kiswahili mlichofundishwa shuleni, wewe Mwanza, wewe Kambu, kimetoka vichochoro hivi tunavyoingia sasa."

Nilisimama palepale. Nyumbani tulizungumza Kikamba. Kiswahili nilikikuta ubaoni, kwa chaki, katika darasa lenye sakafu ya udongo, na ngeli zake zilinitoa jasho. Sikuwahi kufikiri kwamba kina mtaa, kwamba ningeweza kutembea ndani yake nikiwa na viatu vya vumbi.

Na kutembea na Mwalimu ni somo peke yake. Ana mwendo wake, wa polepole lakini usiosita, na anajua ni saa ngapi kivuli kiko upande gani wa kichochoro. Alisimama mahali palipo na baraza ya kukaa. Gari la mkono likija, alitubana ukutani kwa kunyanyua kiganja tu, hakukatisha sentensi. Adhana ya adhuhuri ilipoanza kwenye msikiti wa jirani alikuwa katikati ya habari ya mizinga, akaacha, akangoja hadi mwisho, akaendelea pale pale alipoachia. Kila mlango tuliotaka kuutazama kwa karibu, alipiga hodi au alimsalimu aliyekaa nje, akauliza hali ya watoto kwa majina yao, ndipo akatuita. Kijana wa Kampala alipoinua simu kumpiga picha mzee mmoja, Mwalimu alisema neno moja tu, "Mwombe," naye akamwomba, na mzee akajiweka sawa kofia yake.

Milango ya Unguja alitufundisha kuisoma kuanzia katikati. Ule mti wa katikati, unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana, unaitwa mfaa, na ya pembeni ni miimo. Kizingiti cha juu kikiwa cha mraba, hiyo ni namna iliyozoeleka kwa nyumba za Waarabu. Kikiwa cha tao, mara nyingi utakuta mkono wa mafundi kutoka Gujarat. Samaki, mitende, mayungiyungi, minyororo. Wageni wengi huambiwa mnyororo uliochongwa mlangoni maana yake mwenye nyumba aliuza watu. Mwalimu alisema amesikia pia kwamba ni wa kuilinda nyumba isiingiwe na shari, na kwamba fundi mwingine huenda aliuchonga kwa kuwa ulimpendeza. Alizitaja zote tatu, akamwachia kila mtu achague. Kisha akanigeukia.

"Nilikuahidi wazee wako. Milango hii ililipwa kwa karafuu na kwa pembe. Fundi hakulipwa kwa maneno. Ndovu alianguka bara, mtu akaibeba pembe hadi pwani, tajiri akapata, seremala akaitwa. Wewe unaposhika mlango huu, bara nako unakushika."

Niliugusa. Mvule au msaji, sikujua, lakini ulikuwa wa baridi mchana ule wa joto.

Majina ya mitaa ndiyo sababu kubwa ninayotaka msomaji wangu atembezwe kwa Kiswahili. Mgeni wa Ulaya inabidi atafsiriwe kila jina. Sisi tunalipata bure. Mkunazini, penye mkunazi. Sokomuhogo. Kajificheni, nasi sote tukacheka kisha tukajiuliza ni nani aliyekuwa akijificha, na kumkwepa nani. Hurumzi, ambako wengine husimulia kwamba ndiko watumwa walikopewa hati zao za uhuru. Mwalimu hutaja jina, husimama, huliacha lifanye kazi yake kichwani mwa msikilizaji. Hahitaji kuongeza chumvi.

Kanisa la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki tulilipita tu, minara yake miwili tukaiona kwa juu ya mapaa, na sikusikitika; siku moja haibebi makanisa makuu mawili. Pale mbele ya jumba la Beit al-Ajaib tulikaa zaidi. Jengo hilo la mwaka 1883 lilibomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafariki. Mwalimu hakulipamba. Alieleza chokaa kinavyopumua na saruji isivyopumua, maji yanavyoingia juu ya paa bovu na kuteremka ndani ya ukuta wa matumbawe, na boriti inavyooza pale inapoingia ukutani, mahali jicho halifiki. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Orodha haizibi paa. Mafundi wanaojua chokaa ndio wanaoziba, na alisema wanazidi kuwa wazee.

Tulipomaliza, wenzangu walikwenda kutafuta chakula Forodhani. Nilibaki kumuuliza alijifunzaje. Akasema alimfuata mzee mmoja miaka miwili, anabeba maji ya wageni, haruhusiwi kusema neno. Mzee akimaliza, walirudi njia nzima wawili tu, na njiani alimwuliza: pale umeona mgeni gani amechoka? Nani alitaka kuuliza akaogopa? Nilisema nini ambacho sina hakika nacho? Tarehe na majina, alisema, mtu atayasoma kitabuni mwezi mmoja. Haya mengine ndiyo yaliyomchukua miaka miwili, na bado akilala usiku huyarudia.

Nimerudi Kambu. Jirani yetu Kibwezi, mwaka 1891, Waskoti walianzisha misheni, wakakaa miaka saba, kisha mwaka 1898 wakaihamishia Kikuyu. Magari yanapita hapo kila dakika na hakuna anayesimama, maana hakuna aliyekaa barazani na chupa ya maji akingoja kumuuliza mtu ametoka wapi. Yupo kijana wa Makueni anayeweza kuifanya kazi hiyo. Namwomba aanze kwa kuwasikiliza wazee wa Kibwezi miaka miwili, akiwa kimya.

Nawe msomaji, ukivuka kwenda Unguja, usipite Mkunazini ukasoma vibao peke yako kwa kuwa ni nchi ya Kiswahili na unadhani utaelewa. Nenda asubuhi mapema, kabla jua halijakaa juu ya vichochoro. Vaa nguo ya heshima, inayofunika mabega na magoti. Mtafute mtembeza wageni mwenye kitambulisho, mwambie akutembeze kwa Kiswahili, mpe saa tatu nzima, na mlipe bei yake bila kumpunguzia.